Kitambaa Cheupe cha Bi Mwanaidi

Siku ile mliponialika pale Mwembesongo mlinipa kiti kizuri na soda baridi, mkakaa mmenizunguka na cherehani zenu za umeme, mkitegemea nitawachekesha kwa habari za ushonaji wa zamani. Niliwachekesha kidogo. Halafu mmoja wenu, yule binti mwenye duka la magauni ya vitenge, akaniuliza, "Bibi, wewe ulifundishwa na nani, na yeye aliishia wapi?" Nikasema nimechoka, nikaomba nirudishwe nyumbani. Sikuwa nimechoka. Sasa nimeamua kuandika, maana mbele ya karatasi siwezi kujisingizia uchovu.

Mimi ni mtu wa Mgeta, kule juu ambako ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne na kabichi zinaota kama zimetukanwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyeamua nishuke mjini hakuwa baba bali Mjomba Bonifasi. Alikuwa ameona viraka nilivyokuwa nikishonea kaptula za kaka zangu, akasema viraka vya Skola vinapendeza kuliko kaptula zenyewe. Tukashuka kwa miguu, yeye na tenga la kabichi, mimi na mfuko wa njegere kichwani. Tulipomaliza kuuza sokoni akanipeleka kwenye baraza la Bi Mwanaidi, akamwambia, "Dada, huyu mtoto ana mkono. Jicho utampa wewe."

Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikaa na mama yake, bibi mzee aliyekuwa haoni tena. Alikuwa na cherehani moja ya miguu, na mkasi ambao ukithubutu kuukatia karatasi unakula kofi. Mafundi wengine wa mtaa ule walikuwa wanaume. Ukiwapelekea picha uliyoikata gazetini, wanaiiga. Bi Mwanaidi hakuiga cha mtu. Mteja akija, kabla ya kumgusa na tepu, anamwambia, "Nenda mpaka kwenye ile nguzo ya umeme, halafu urudi." Mteja anakwenda, anarudi, anaona haya. Bi Mwanaidi anamtazama bega lipi linashuka, nyonga ipi inatangulia, kama anaburuza mguu. Ndipo anapima. Alikuwa akiniambia kwamba tepu inapima mtu aliyesimama, na watu hawanunui nguo za kusimama nazo. Ninyi mnapima mteja kwa picha aliyowatumia kwenye simu. Mnashona vizuri, sikatai, lakini makwapa yenu yanabana. Mnajua kwamba yanabana.

Gauni lake lililompa jina lilikuwa la khanga. Alikuwa akiikata kwa namna ambayo pindo la khanga linazunguka chini, na yale maneno ya khanga yanakuja kukaa mgongoni, juu kidogo ya kiuno, ili anayekufuata nyuma ayasome. Watu wakaliita kata ya Bi Mwanaidi. Walimu, makarani wa mkoa, wake za wafanyakazi wa reli, wote walilitaka. Mwalimu mmoja alikuwa anakuja kwa treni kutoka Kingolwira, akaleta khanga iliyoandikwa "Nimetulia kwangu, wewe yakuwasha nini". Mawifi zake walikuwa wamemshinda, akataka wasome ujumbe huo harusini. Bi Mwanaidi akanipa mimi niunganishe mgongo. Nikaunganisha kwa furaha yangu yote, mishono imenyooka kama reli, ila maneno nimeyageuza juu chini.

Bi Mwanaidi akalishika lile gauni mbele ya mwanga, akalitazama muda mrefu. "Sawa," akasema. "Itabidi mawifi wasimame kwa kichwa."

Nililifumua siku mbili, uzi mmoja mmoja, kwa sindano, bila kiwembe. Kiwembe kilikatazwa. Mtu anayefumua kwa kiwembe, alisema, hajajuta bado.

Ilikuwa pia miaka ya vijana wa chama kusimama njiani kukagua mavazi. Suruali za pekosi, zile za kubana mapajani, walizipima kwa chupa ya soda, wanaiingiza kiunoni, isipoteremka mpaka chini suruali inachanwa hapo hapo. Sketi fupi nazo zilikuwa na balaa lake. Basi Bi Mwanaidi akabuni pindo la kushusha. Sketi inaishia juu ya goti, lakini ndani imekunjwa shubiri nzima, imeshikiliwa na mshono mmoja mrefu wa mnyororo, na ncha ya uzi imeachwa ikining'inia pembeni. Ukiwaona wakaguzi wako kona ile, unavuta uzi, prrr, sketi inateremka mpaka katikati ya muundi, unapita umeinamisha kichwa kama mtawa. Karani mmoja wa benki aliuvuta kwa hofu akiwa ofisini, mbele ya meneja, kwa sababu tu alisikia sauti ya kiatu. Tulicheka wiki nzima. Nawaambia haya mjue kwamba tulicheka, kwa sababu yanayofuata hayana kicheko.

Vitambaa viliadimika. Vilianza kupungua kidogo kidogo, halafu baada ya vita vikatoweka kabisa, pamoja na sabuni, sukari na betri za redio. Watu walipanga mawe kwenye foleni ya duka la ushirika, kila jiwe likisimama badala ya mtu wake, na wengine waliondoka na mawe yao bila kupata kitu. Sisi mafundi tulifumua magunia tupate uzi. Vifungo tulichonga kwa vifuu vya nazi, tukavisugua sakafuni mpaka ving'ae. Mafuta ya cherehani yalipoisha niliweka mafuta ya kula, na huo nauhesabu katika ujinga wangu mkubwa: yaliganda ndani kama gundi, na Bi Mwanaidi alikaa kutwa nzima akisafisha kila chuma kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Hakunigombeza. Siku hizo alishaanza kuacha kugombeza, nami nikadhani ni upole.

Ndipo mafundi wakahimizwa kujiunga katika ushirika. Aliyejiunga alipata kitambaa kwa kibali. Aliyebaki peke yake alijitafutia. Afisa alikuja barazani mwenyewe, mtu mstaarabu tu, akamweleza Bi Mwanaidi kwamba watashona sare za shule na za hospitali.

"Nguo mia zinazofanana?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Mia tano, mama. Na zaidi."

"Mimi si kiwanda, mwanangu."

Afisa alipoondoka akanigeukia. "Wewe nenda. Una watoto wawili sasa. Mimi na mama tutakula kidogo tulicho nacho."

Nikaenda. Sikufikiri mara mbili, na hilo pia mlijue.

Kule ushirika nilipewa meza ya kukata. Hapa nisikilizeni kama mafundi. Ukiwa na jora la kitambaa cheupe, na umeambiwa utoe sare sitini za wauguzi, mkataji wa kawaida anapanga vipande kama wanafunzi mstarini, na nafasi zote katikati zinakuwa vitambaa vya kupigia deki. Mimi nilikuwa nimefundishwa na mtu asiyetupa hata ncha ya uzi. Kola niliilaza ndani ya kwapa la mkono. Mfuko ukaingia kwenye shingo. Sehemu ya mbele na ya nyuma nilizigeuza, moja kichwa juu na nyingine kichwa chini, zikabanana kama dagaa. Sare sitini zinatoka zote, zimetimia, na mwisho wa jora ninabaki na kitambaa kizima, safi, wakati mwingine yadi tatu, wakati mwingine tano. Hakuna aliyekitarajia. Hakuna aliyejua kama kipo.

Mwanzoni nilikirudisha stoo kimyakimya, hakuna aliyekiandika. Halafu mama yake Bi Mwanaidi akafariki.

Alifariki asubuhi, na kwa desturi ya Waislamu alitakiwa azikwe siku hiyo hiyo. Sanda haikupatikana. Walikwenda duka la ushirika, hakuna. Walikwenda kwa wenye maduka waliofunga milango, wakaapa hawana. Walikwenda kuomba kibali, na mtoa kibali alikuwa safarini. Jua likazidi kupanda. Mwishowe Bi Mwanaidi akatoa mashuka mawili yaliyochakaa, akakata sehemu zilizokuwa bado nzima, akaziunganisha kwa cherehani. Sanda haishonwi, vijana. Hata mimi Mkristo nalijua hilo. Sauti ya ile cherehani ilisikika mpaka barabarani, na wanawake waliokuwa ndani wakaacha kulia ili wasikilize.

Baada ya maziko aliniambia neno moja tu. "Skola, mama yangu amekwenda na mshono kifuani."

Wiki iliyofuata sikurudisha kitambaa stoo. Nilijizungushia tumboni, nikavaa gauni juu yake, nikatoka ushirika nikitembea kama mjamzito. Bi Mwanaidi akakipokea, akakipapasa kwa vidole.

"Umekitoa wapi?"

"Ni mabaki."

"Mabaki ya nani?"

"Yangu. Bila mimi yasingekuwepo."

Nilimwona anataka kukirudisha mikononi mwangu. Lakini alikuwa ametoka kuzika wiki iliyotangulia, na pale mtaani palikuwa na mgonjwa mwingine mahututi. Akakikunja, akakiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Ikawa hivyo kwa muda mrefu, karibu mwaka. Msiba ukitokea, mtu anabisha kwa Bi Mwanaidi, anapewa kitambaa, hatozwi kitu. Alipewa Mwislamu, alipewa Mkristo, alipewa hata yule jirani aliyekuwa akimsengenya. Mara moja tu kilitoka kwa ajili ya furaha: binti wa muuza mchicha aliyekuwa anaolewa kanisani na hana gauni. Bi Mwanaidi alimshonea gauni la mikono mirefu, na kwa kuwa hatukuwa na lesi, alichomoa nyuzi za kitambaa chenyewe shingoni, moja moja, mpaka kikawa kama wavu. Hilo ndilo gauni zuri kuliko yote niliyoyaona maishani, na ndilo la mwisho alilolibuni. Watu wote kanisani waliligeukia. Wote walijiuliza, kitambaa kile kimetoka wapi?

Sijui nani alisema. Kwa miaka mingi nilitafuta wa kumlaumu, nikaacha.

Wakati huo ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi. Nyumba zilipekuliwa, watu walitupa sukari chooni kwa hofu. Asubuhi moja nilikuwa ninapita kwenda kazini, kikapu mkononi, na tumboni nimejizungushia yadi nne nilizotoka nazo jana yake. Nilikuwa nimepanga kumpelekea kwanza. Nilipofika kwenye kona nikaona umati barazani kwake. Mgambo walikuwa wametoa lile sanduku la bati, wamelifungua hadharani, na vitambaa vyeupe wamevitandaza juu ya mkeka ili kila mtu avione. Vilikuwa vingi kuliko nilivyokuwa nikidhani. Ukikusanya kidogo kidogo hujui umefika wapi.

"Vya nani hivi?" mkubwa wao akauliza.

"Vyangu," Bi Mwanaidi akasema.

"Risiti iko wapi?"

"Sina."

"Umevinunua kwa nani?"

"Kwa mtu anayepita. Simjui jina."

Nilijipenyeza mpaka mbele ya umati, karibu naye kuliko watu wote. Kitambaa tumboni kikaanza kunichoma kama uji wa moto. Akaniona. Nilifungua mdomo, nadhani nilifungua, na yeye akapaza sauti yake ambayo hakuwahi kuipaza:

"Na wewe wa ushirika, unatazama nini hapa? Huna kazi ya kufanya?"

Watu wakacheka. Nikaondoka. Nilitembea mpaka ushirika, nikaingia chooni, nikavua kile kitambaa, nikakirudisha stoo, nikashika mkasi, nikakata sare mpaka jioni. Hakuna hata moja niliyoikosea. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba mkono haukutetemeka.

Kesi ilisikilizwa siku tatu tofauti. Nilikwenda zote, nikakaa benchi la nyuma. Mwenyekiti wa ushirika aliitwa, akaapa kwamba kwake hakuna kilichopotea, na hakusema uongo. Sare zote zilikuwa zimetoka kamili. Watu wa mtaa walitaka kueleza kwamba kitambaa kilikuwa cha kuzikia, wakaambiwa hilo siyo swali. Swali lilikuwa kimetoka wapi. Bi Mwanaidi alisimama kizimbani amevaa baibui lake, na kila alipoulizwa alisema hamjui mtu yule.

Kati ya siku ya pili na ya tatu nilipanda Mgeta kumwona Mjomba Bonifasi. Alikuwa shambani, amechutama kwenye tuta, mvua inanyunya. Nikamweleza yote. Hakuacha kung'oa magugu.

"Ukisema, atatoka?"

"Sijui. Labda tutafungwa wote wawili."

"Na watoto wako watakuja kwangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi umeshajua unachotaka nikuambie. Usinibebeshe mimi."

Nikashuka. Siku ya tatu nikakaa benchi lile lile. Alihukumiwa miaka miwili, na cherehani na mkasi vikachukuliwa. Alipokuwa anatolewa alipita hatua mbili kutoka nilipokaa, nikainama kama mtu anayefunga kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Sikwenda kumtembelea hata siku moja. Nilikuwa ninampa jirani yake sabuni ampelekee, nikimwomba asiseme imetoka kwa nani. Kule ushirika nilipandishwa, nikawa msimamizi wa wakataji. Walinisifu kwa sababu ghafla majora yangu yalikuwa yanabakiza kitambaa.

Alipotoka, dunia ilikuwa imeanza kugeuka. Biashara ilifunguliwa. Vitambaa vya kila rangi vilijaa madukani, na nguo za kafa ulaya, hizi mnazoziita mitumba, zikamwagwa chini sokoni kama viazi. Marikani, kile kitambaa cheupe cha sanda, iliuzwa mchana kweupe barabarani, na mgambo alikuwa anapita pembeni akila muwa. Ushirika ulisambaratika, tukagawana cherehani, nami nikafungua baraza langu. Bi Mwanaidi hakurudi kwenye kazi. Alikuwa amelima gerezani miaka miwili. Vidole vilikuwa vimekomaa na kupinda, na macho yalikuwa yanatoa machozi kwenye mwanga. Alikuwa anachemsha mihogo na kuiuza palepale barazani, mahali cherehani ilipokuwa imesimama.

Ilinichukua miezi minne kwenda. Nilikwenda Jumamosi mchana, nikamkuta anamenya mihogo peke yake.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Kaa. Kile kisu kingine kipo hapo."

Nikakaa, nikachukua kisu, tukamenya. Aliniuliza habari za watoto. Aliuliza kama bado ninaloweka kitambaa kabla ya kukata. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, hivi vya siku hizi navyo vinasinyaa. Nikamwambia nina cherehani mbili, moja itakuwa yake, aje tushone pamoja, yeye atazame wateja wakitembea na mimi nikate. Alitikisa kichwa. Akasema akiona kitambaa kimekunjwa, moyo unamwenda mbio.

Ndipo nikamuuliza nililokuwa nimelibeba. Nilitaka aseme neno ambalo ningeweza kuondoka nalo. "Bi Mwanaidi, kwa nini hukunitaja?"

Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautumbukiza majini.

"Siku ile barazani nilikufukuza kwa sababu uliogopa, na mimi niliogopa kwa ajili yako. Nikasema atakwenda nyumbani, atatulia, atakuja mwenyewe. Siku ya kwanza ya kesi nilikuona nyuma kule, nikasema leo atasimama. Sikutaka ufungwe, Skola. Nilitaka mtu aseme kwamba sikuiba. Siku ya pili nikasubiri. Siku ya tatu ulipoinama, nikajua." Akachukua muhogo mwingine. "Baada ya hapo kukutaja kungekuwa na faida gani?"

Nilimenya mpaka mihogo ikaisha, nikawasha moto, nikabandika sufuria. Ilipoiva akanipakulia kwenye sahani, chumvi pembeni, na pilipili kwa sababu alikumbuka kwamba naipenda. Nikala yote.

Aliishi miaka sita baada ya siku ile. Kila Jumamosi nilikwenda kumenya mihogo, naye kila mara alinikaribisha kiti na kisu, akaniuliza habari za watoto. Hakunifukuza hata mara moja. Na kwangu, umbali wa nyumba tisa, hakuja hata mara moja.